Mahindi Yaliyobaki Ghalani

Mwanangu Salumu,

Salamu tulipeana asubuhi ulipokuja kuniamkia, na nyingine tutapeana kesho stesheni, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja kwenye neno. Mama yako amekwisha kukuambia ya nguo, ya funza, ya maji ya pwani na ya watu wa kuepuka melini. Amesema yote, sina la kuongeza. Wewe umekwenda mjini kuwaaga rafiki zako. Mimi nimekaa barazani, jua bado lipo, na nina karatasi chache alizonipa karani wa stesheni. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana mbele yako mdomo wangu haufunguki. Nimejaribu tangu juzi.

Juzi nilikutana na Mkude njiani. Unamjua, tulifanya naye kazi kwenye shamba la mpira, na sasa ni mmoja wa watu arobaini unaokwenda nao Tanga kwenye mkonge. Aliniambia, kwa furaha kabisa, kuwa ninyi wote mmekubaliana kufanya ghala huko, kama lile letu la zamani. Kila mwenye kazi atoe kidogo katika posho yake, na atakayeondolewa kazini ale humo mpaka apate nyingine. Akasema ufunguo watakupa wewe, kwanza kwa kuwa unajua kuandika, pili kwa kuwa ni mwanangu. "Mtoto wa Ramadhani hawezi kuiba," akasema. Nilimjibu vizuri. Nilipofika nyumbani mama yako aliniwekea chakula, nikakiangalia tu mpaka kikapoa.

Ni kweli, Salumu, sikuiba. Katika ghala lile sikuchukua hata punje. Naanza na hilo ili ujue kuwa ninalokuambia si la wizi. Ningalikuwa mwizi ingekuwa nafuu.

Wewe unachojua ni kwamba ghala lilikwisha kwa sababu watu walizidi. Ndivyo nilivyokueleza uliposhuka kutoka Matombo kwa mjomba wako, na ndivyo nilivyowaeleza watu wote. Halikwisha. Sasa nitakueleza lilivyoanza, maana ukijua mwisho tu utanihukumu nusu.

Mwaka ulipotoka jandoni ndio mwaka reli ilipofika Morogoro. Kabla ya hapo tulikuwa watu wengi kwenye tuta la reli, huko nyuma kuelekea Kingolwira, tukichimba na kubeba udongo kwa makarai. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo lakini ilikuwapo, na kila jioni ulipewa posho yako. Nani alikuwa na haja ya kufikiri? Tuliona kama reli haitafika kamwe. Kisha ikafika. Ngoma zikapigwa, bendera zikapandishwa, gari likapiga kelele hata mbuzi wakakata kamba. Wiki iliyofuata nyapara alisimama mbele yetu na orodha. Walioitwa majina walibaki kusafisha njia. Jina langu sikulisikia. Nilikwenda kumwuliza kama amelisahau. Akasema hajalisahau.

Kobelo aliitwa. Huyu unamkumbuka, mtu mfupi, mwenye kovu hapa juu ya jicho, aliyekufundisha kutega kwale. Tulikuwa tumebeba karai moja, yeye upande ule, mimi upande huu, miezi mingi. Jioni ile alikuja hapa na posho yake kwenye kitambaa, akaikata sehemu mbili mbele ya mama yako, akaacha moja, akaondoka na nyingine kwa mkewe. Alifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Alifanya hivyo miezi mitatu. Wewe ulikuwa umetoka jandoni umekonda, unahitaji kulishwa, na mtu wa kukulisha alikuwa amekaa nyumbani mikono mitupu. Nyama iliyorudi mwilini mwako mwaka ule ni ya posho ya Kobelo. Sikupata kukuambia. Niliona haya.

Naye hakutaka kushukuriwa. Siku moja nilipojaribu, akanikatiza. Akasema: "Mimi na wewe ni wawili, ndiyo maana tunakonda wote. Tungekuwa mia, kila mmoja angetoa konzi moja tu, na hakuna ambaye angeona njaa."

Hapo ndipo ghala lilipozaliwa. Watu husema lilikuwa wazo langu. Lilikuwa lake.

Tulipopata kazi kwenye shamba la mpira, mimi na yeye, tulianza na watu kumi. Kila mtu alitoa kibaba cha mahindi kila alipomaliza kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku thelathini. Tukajenga vihenge viwili vya nafaka nyuma ya kambi, tukavikandika udongo, tukaweka mlango na kufuli. Mimi nilijua kuandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, nikapewa ufunguo. Mwaka wa pili shamba zima lilikuwa ndani. Mtu akiondolewa, iwe kwa ugonjwa au kwa kugombana na nyapara, alikuja kupokea kibaba chake kila siku, bila haya, maana alikuwa akila mahindi yake mwenyewe ya mwaka jana. Watu walituheshimu. Hata jumbe alikuja kuangalia.

Katika siku hizo za shibe tuliweka sheria moja. Walikuwapo vijana wawili waliokuwa wakijiondoa kazini kwa makusudi, wanakula ghalani, wanalala. Tukakubaliana kwamba mtu akiitwa kwenye kazi nyingine akakataa, ghala halimpi kitu. Kobelo alikuwapo, alinyoosha mkono kama sisi wote. Na sheria ilikuwa nzuri, Salumu. Kazi zilikuwa tele, stesheni wanataka wapagazi, huku wanajenga, kule wanalima pamba. Aliyekataa kazi wakati ule alikuwa mvivu kweli. Vijana wale walipata kazi siku ya tatu.

Mwaka huohuo mama yako alinishauri jambo. Wanawake wa juu mlimani, wanaolima maharagwe na ndizi, walitaka kuingia nao. Wangeleta maharagwe wakati wa mavuno, na mvua ikiharibu shamba wangekula kwetu. Nilicheka. Nilimwambia ghala ni la watu wa kipande, si la wapika ndizi. Mama yako akasema, "Ninyi wote mnakula mkono mmoja. Mkono huo ukinyauka, nani atamlisha nani?" Nilimwona mwanamke asiyejua mambo ya kazi. Maneno hayo nimeyakumbuka kila siku tangu mwaka jana.

Mwaka jana, asubuhi moja tumekwisha chanja miti, mzungu wa shamba alituita uwanjani. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba mpira umeanguka bei huko Ulaya, kwa sababu nchi nyingine za mbali zimepanda mwingi kuliko wetu na mzuri kuliko wetu. Tuligeuka tukaiangalia miti. Ilikuwa imesimama vilevile, maziwa yanatoka vilevile kama jana. Mzee mmoja akauliza kama tumekosea kuchanja.

Wiki ile waliondolewa nusu. Mimi nilibaki, maana nilikuwa nikiandika vipande. Na hapa, mwanangu, ndipo sumu iliponiingia. Mtu anayebaki wenzake wakiondolewa hujiuliza kwa nini yeye, na jibu tamu kuliko yote ni kwamba yeye ni bora. Nililila jibu hilo asubuhi na jioni. Nilianza kuwaona waliopanga foleni mlangoni kwangu kama watu wenye kasoro fulani ambayo nyapara ameiona na mimi sijaiona. Nilianza kuwauliza maswali. Umetafuta wapi? Umekwenda lini? Nani shahidi yako? Watu niliochimba nao tuta walikuwa wakinijibu macho chini.

Tena niliogopa. Wanaotoa walipungua na wanaokula waliongezeka, na kila siku nilikuwa natia mkono kihengeni kupima. Mahindi yaliposhuka kutoka bega hadi kiwiko nililala vibaya. Niliona kazi yangu ni kulilinda ghala lisiishe. Sikujiuliza ghala lisiloisha ni la nini. Tulilijenga kwa mwaka kama ule. Mwaka ule ulipofika mimi nikaanza kubana, na kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya nje ndivyo nilivyozidi kubana ndani.

Kobelo aliondolewa kundi la pili. Alikuwa na donda ndugu mguuni, chini ya goti, limeanza kwa kukatwa na kisiki. Alikula ghalani siku chache. Kisha akida akatangaza kazi ya kuvunja mawe ya barabara, ng'ambo ya Kilosa, na wote wasio na kazi wakaitwa majina. Kobelo aliitwa. Hakwenda. Alisema kwa mguu ule hawezi kusimama kwenye mawe, na kweli ulikuwa umevimba na kutoa usaha hata nzi hawakuondoka.

Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nitatazama. Mara ya pili nilimwambia bado natazama. Unaona? Mtu aliyenipa nusu ya chakula cha watoto wake miezi mitatu, mimi nilikuwa namwambia natazama.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi, watu wengine wamekwisha ondoka, tumebaki wawili. Alisimama kwenye mguu mmoja, ameegemea mlango wa ghala.

"Mguu unauona, Ramadhani," akasema.

Nikamwambia nauona, lakini jina lake liliitwa na hakwenda. "Nikikupa wewe kwa urafiki," nikasema, "yule nitakayemnyima kesho atasema nini?"

"Nipe cha watoto tu. Mimi uniache."

"Sheria tuliitunga wote, Kobelo."

Alitazama kihenge, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango, na nakumbuka nilijisogeza kidogo kuuziba, kana kwamba angeingia kwa nguvu. Aliona nilivyojisogeza.

"Kweli," akasema. "Tuliitunga wote."

Akaondoka. Sikumwita. Nilifunga mlango nikaenda kazini, na Mungu anisamehe, nilijisikia mtu mwadilifu. Nilimweleza mama yako jioni nikitegemea anisifu. Mama yako aliinuka akaenda kulala kwa dada yake siku tatu.

Kobelo alipanda mlimani kumuaga mkewe, aliyekuwa huko na watoto, kisha akashuka akaenda kwenye mawe. Mkude huyuhuyu ndiye aliyeleta habari, naye alikuwa akifanya kazi kule. Alisema Kobelo alivunja mawe siku kumi na moja akiwa amekaa, kwa sababu kusimama hawezi. Siku ya kumi na mbili homa ilimpanda, mguu umekuwa mweusi. Walimzika kando ya barabara.

Niliposikia, nilikwenda ghalani peke yangu. Nilikuwa sijakifungua kihenge cha pili kwa muda mrefu, nilikuwa nakiweka akiba ya siku mbaya zaidi. Nilitia mkono. Mkono uliingia kwenye vumbi. Nilichota, nikapeleka mlangoni kwenye mwanga. Yalikuwa mahindi yenye matundu, punje tupu, na fukusi wanatembea kwenye viganja vyangu. Kihenge kizima, mpaka chini. Watoto wa Kobelo wangalikula humo mpaka mvua. Watoto wa watu wengine wengi pia, niliowarudisha kwa maswali yangu. Niliwanyima watu nikawapa wadudu.

Nilimwita mama yako. Tulibeba vumbi lile kwa vikapu tukamwaga mtoni, mimi na yeye. Kisha nikawatangazia watu kuwa ghala limekwisha. Hakuna aliyelalamika. Walisema nimejitahidi. Walisema mimi ni mtu wa sheria. Miezi miwili baadaye nyapara alisoma orodha na jina langu halikuwamo, na nilipokaa hapa nyumbani bila kazi wala ghala nilijua kwa mara ya kwanza kwamba bei ya mpira haijui nani hodari na nani mvivu. Ilinibidi nitupwe ndipo nijue. Watu wengi waliijua bila kutupwa. Kobelo aliijua posho ikiwa mkononi mwake.

Sasa unajua kwa nini tunakula mihogo, kwa nini mama yako hutoka nje watu wakinisifu, na kwa nini unaondoka. Kodi inakuja, mimi sina kazi, na akida hana sikio. Ninakutuma wewe kwa sababu nimeshindwa kukuwekea kitu. Sikutaka hivi. Nakwambia wazi, sioni mbele. Huenda mkonge nao utaanguka kama mpira ulivyoanguka, na hakuna mtu atakayekuambia kabla. Kazi ina masika yake na kiangazi chake, ila haina mwezi unaojulikana.

Ningetaka kukwambia ukatae ufunguo. Nimeandika neno hilo mara mbili nikalifuta. Mkiacha kufanya ghala mtakuwa kama mimi baada ya reli, na si kila mtu ana Kobelo. Basi uchukue, lakini usiwe nao peke yako. Wapeni watu wawili, watatu, ili akitokea mmoja aliyeingiwa na hofu kama mimi, wengine wamwambie. Waingizeni na watu wasio wa mkonge, wavuvi, wanawake wa mashamba, wabeba mizigo wa bandarini, yeyote ambaye njaa yake haiji mwezi mmoja na yenu. Mama yako alikuwa sahihi. Na sheria zenu, mkiziweka wakati wa shibe, jueni zitasomwa wakati wa njaa. Wakati kazi ni moja tu nayo inaua, anayeikataa si mvivu. Ghala likipungua, usitie mkono kupima kila siku kama nilivyofanya. Litapungua. Ndiyo kazi yake. Wape wale waliotupwa wengi kwa pamoja, hasa wao, na likiisha, liishe limo tumboni mwa watu.

Sijui kama utaweza. Mimi niliyajua yote haya kwa mdomo wa Kobelo kabla sijapewa ufunguo, na hayakunisaidia.

Mpaka asubuhi nilidhani barua hii ingeishia hapo. Lakini leo mchana, wewe ukiwa umekwenda kisimani, Bi Zaina alishuka kutoka mlimani. Mjane wa Kobelo. Amekonda, nguo ile ya kaniki ndiyo ileile. Alikuwa na kikapu cha ndizi za kuchoma na unga kidogo. Alisema ni vya Salumu, vya njiani, maana mumewe alikupenda. Nilimkaribisha akakaa palepale nilipokaa sasa. Tulizungumza habari za mvua. Kisha akasema amesikia vijana watafanya ghala huko Tanga, na kwamba ni jambo zuri.

Halafu akasema: "Kuna jambo sijakushukuru. Siku ile Kobelo alipopanda kuniaga alinieleza yote. Alisema ghala lilikuwa limekauka, huna hata kibaba, na kwamba ulipomwambia ulilia kama mtoto, ikabidi yeye ndiye akubembeleze. Wengine wangetufungia mlango tu. Wewe ulitulilia."

Sikulia, Salumu. Sikutoa hata chozi moja siku ile. Alipanda mlima ule kwa mguu uliooza, akakaa na mkewe, akanitungia machozi ili mkewe asinichukie.

Nilipaswa kumwambia palepale. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Asante, Bi Zaina," nikapokea kikapu kwa mikono miwili. Mama yako alikuwa mlangoni, alisikia, akaingia ndani. Bi Zaina akaaga, akaanza kupanda, mimi nimesimama hapa namwona mpaka njia ikampoteza.

Kesho gari likiondoka nitapanda mlimani kwake nikamwambie. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu sijiamini. Maadamu umejua, siwezi tena kujificha nyuma ya sifa za watu. Kwenye barua yako ya kwanza usiniulize hali yangu wala ya mihogo. Niulize kama nilipanda. Na kama jibu langu halikufika, ujue kwamba sikupanda, na usimruhusu mtu yeyote huko akupe ufunguo kwa sababu ya jina langu.

Baba yako,
Ramadhani